Watoto wa Molo Wanajua Kukataa

Kuna lawama ambayo mwalimu wa Kiingereza katika Bonde la Ufa huisikia kila mwaka, na huisikia kwa watu wanaoheshimika: wakaguzi, walimu wakuu, wazazi waliosoma, wageni wa heshima wanaohutubia siku ya kutoa zawadi. Wanasema vijana wetu hawajui kuitikia mwaliko. Ukimwalika kijana wa huku kwa Kiingereza, wanalalamika, hakupi jibu. Anatabasamu, anatazama chini, anasema atajaribu, halafu haonekani. Kwao huyo hana ujasiri wa kukataa wala adabu ya kukubali. Dawa wanayoipendekeza ni moja: afundishwe kunyoosha maneno. Ashukuru, aseme ndiyo au hapana, atoe sababu moja, amalize. Vitabu vya kiada vimeipokea dawa hiyo, mtihani wa taifa umeipokea, na madarasani inatolewa kama jambo lisilo na mjadala.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Molo, na ninaipinga. Si kwamba wanafunzi wangu hawana la kujifunza, wana mengi. Ninaipinga kwa sababu inaliweka kosa mahali pasipo kosa. Kukataa mwaliko ni kazi ya watu wawili. Aliyealikwa hutoa dalili, mwenyeji huisoma, huulegeza mwaliko wake, mwenzake naye huongeza neno, mpaka wote wawili wajue walipofikia bila yeyote kuaibika. Tukiigeuza kazi hiyo kuwa sentensi moja inayotoka kinywani mwa mtu mmoja, tunamlaumu mtoto kwa ustadi alio nao, na msikilizaji tunamwachilia bila kumdai chochote.

Nitoe mfano wa karibu. Desemba ni mwezi wa sherehe za jando kwa majirani zetu Wakalenjin, na viazi vya msimu wa mvua za vuli huanza kutoka shambani karibu na wakati huo. Nje ya agrovet moja, duka la pembejeo za kilimo, mjini nilisikia mazungumzo haya kati ya mama wawili, mmoja Mkipsigis wa jamii hiyo ya Wakalenjin, mwingine Mkikuyu, kila mmoja na mfuko wake mkononi.

– Jumamosi tuko na sherehe kwetu, vijana wanatoka. Usikose, mama.

– Wacha! Huyo kijana amekuwa mkubwa hivyo? Mungu ni mwema. Jumamosi hii?

– Hii tu inakuja.

– Aki nilikuwa nimeambia watu wa lori waje wabebe viazi hiyo hiyo Jumamosi. Na unawajua hao, wakikukosa wanaenda kwa mwingine.

– Hata ukikuja jioni.

– Nitaona vile nitafanya. Lakini huyo ni mtoto wangu, hawa wangu wadogo hawawezi kosa kuja.

– Sawa. Tutakuwekea mursik.

Itafute hapana humo, hutaiona. Lakini mwaliko umekataliwa, na aliyealika amejua umekataliwa. Alianza na usikose. Aliposikia habari ya lori akashuka: hata jioni. Mwenzake akamjibu kwa ahadi nyepesi kuhusu nafsi yake na ahadi nzito kuhusu watoto wake, kwa sababu watoto ndio watakaosimama badala yake. Na mwenyeji akafunga kwa mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, maana yake ninajua hutakuwepo na sitakuhesabia kosa. Hakuna aliyedanganywa, na hakuna aliyebaki akingojea. Jumamosi hiyo hakuna sahani iliyopotea. Mtu akiniambia mama yule hana ujasiri wa kutoa jibu, nitamwambia hajasikiliza.

Watoto wa mama hawa ndio wanaoketi mbele yangu Jumatatu asubuhi. Wamekuwa kando ya mazungumzo ya namna hiyo tangu wakiwa wamefungwa mgongoni. Wanajua kwamba mwaliko wa chai unakataliwa mara ya kwanza na kukubaliwa mara ya pili. Wanajua kwamba chakula cha nyanya hakikataliwi kabisa, kinaonjwa. Wanajua kwamba mwaliko wa harusi unakuja pamoja na mchango, na asiyeweza kufika hutuma pesa kwa simu asubuhi ya harusi ili jina lake lisomwe. Ndipo wanaingia darasani, wanafungua kitabu, na kitabu kinawaambia kwamba mtu mstaarabu akialikwa hujibu kwa sentensi mbili.

Mstaarabu wa wapi? Hapo ndipo hoja ya wapinzani wangu inapovunjika, maana wanadai kwamba wenye Kiingereza chao ndivyo wanavyosema. Hawasemi hivyo. Wanasosholojia walioanza kuchunguza rekodi za mazungumzo ya simu ya Wamarekani miaka ya 1960, kina Harvey Sacks na Emanuel Schegloff, waliuchunguza usemi wa kila siku pumzi kwa pumzi. Waliona kwamba mtu anayekubali jambo hujibu upesi na kwa ufupi, na anayekataa hukawia, huguna, husifu, hutoa udhuru, hujizungusha. Mwaka 1984 Judy Davidson alionyesha kwamba mwalikaji wa Kiingereza akisikia hata kimya kidogo baada ya mwaliko wake, huufanyia marekebisho palepale: huongeza kishawishi, hubadilisha saa, hupunguza sharti. Hata ukikuja jioni! Mama wa Kipsigis nje ya agrovet na mwanamke aliye kwenye simu California wanafanya kazi ileile kwa mpangilio uleule. Kitabu cha kiada hakimfuati yeyote kati yao. Kinamfuata Mwingereza aliyebuniwa na waandishi wa vitabu, anayekataa bila kusita na kualika bila kubembeleza, na watoto wetu wanadaiwa wafanane naye.

Na hata katika kualika kwenyewe, wenye Kiingereza hawajanyooka kama tunavyoambiwa. Nessa Wolfson, mwanaisimujamii wa Marekani, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuhusu mialiko ya Wamarekani wa tabaka la kati. Aliona kwamba mingi haina siku wala saa: tukutane siku moja tule chakula cha mchana, lazima uje kwetu siku moja. Hiyo haikuwa mialiko kamili. Ilikuwa mlango uliofunguliwa kidogo ili mwenzako, akitaka, ausukume, na mara nyingi uliishia hapohapo. Msomaji ambaye ana ndugu Uingereza au Marekani ameshasikia hadithi ya mgeni aliyeambiwa na mfanyakazi mwenzake kwamba lazima aje kwao siku moja, akasubiri siku hiyo itajwe, haikutajwa, akahisi amedharauliwa. Kwetu, atakayesema atajaribu kuja bila kutaja saa ndiye anayeitwa mwongo. Wao wanaalika bila kutaja siku, na sijakiona kitabu cha Kenya kinachomwonya mtoto juu ya hilo. Tumefundishwa kuzishuku tabia zetu na kuziamini za wengine.

Nataka nikae kidogo kwenye Molo yenyewe, kwa sababu wanaozungumza juu ya vijana wetu huzungumza kana kwamba wanatoka mahali pa lugha moja. Mji huu uko juu, karibu mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, kwenye reli iendayo Kisumu, mahali pa baridi, viazi, kondoo na pareto. Walowezi wa Kizungu waliishika ardhi hii. Kule Turi, kilomita chache kutoka mjini, shule ya watoto wao ilianzishwa mwaka 1931 na ingali inafundisha mtaala wa Kiingereza. Baada ya uhuru familia za Wakikuyu zilinunua na kugawiwa mashamba, na Wakipsigis, Wakisii, Waluhya na wengine wakaishi bega kwa bega nazo. Upande wa Mariashoni kuna Waogiek, ambao msitu wa Mau ulikuwa wao kabla yetu sote. Darasa la wanafunzi 50 hapa lina lugha za nyumbani nne au tano.

Na Molo imechomwa. Imechomwa katika mapigano ya kikabila 1992, imechomwa tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wazazi wa wanafunzi wangu wengi walilala makanisani na kwenye mahema, na wengine hawakurudi walikotoka. Kwa hiyo mwaliko wa kwenda nyumbani kwa mtu wa kabila jingine hauwezi kuwa kama mwaliko wa sinema katika kitabu cha mazoezi. Mzazi wa Kikuyu anayemruhusu binti yake aende sherehe ya nyumba ya Kikalenjin, na mzazi wa Kikalenjin anayemruhusu kijana wake aende kula kwa rafiki yake Mkikuyu wakati wa ruracio, sherehe ya mahari, ya dada wa rafiki huyo, wamefanya jambo ambalo wenzao wa miaka ile hawakuweza. Na anayekataa mwaliko wa namna hiyo huchagua maneno kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu hapana iliyo kavu inaweza kusikika kama hapana ya 2008. Vijana hawa wamejifunza kukataa huku wakiacha mlango wazi, kwa kuwa katika vijiji vyao mlango ukifungwa vibaya majirani hukoma kusalimiana. Nikimwambia aseme tu hapana na kutoa sababu moja, ninamnyang'anya chombo ambacho wazee wake walikinunua kwa gharama kubwa mno.

Sasa tuutazame mtihani, maana ndio unaoamua kinachofundishwa. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha nne, ina alama 60. Ishirini ni za uandishi wa kiutendaji, kumi za kujaza mapengo, na 30, yaani nusu ya karatasi, zimetengewa stadi za kuzungumza. Mtu asiyejua angefikiri mtahiniwa huitwa mbele ya mtu akazungumza. Haitwi. Stadi za kuzungumza hutahiniwa kwa kalamu. Mtahiniwa huorodhesha maneno yanayotamkwa sawa, huandika silabi ipi itiwe mkazo, na huyajaza mazungumzo yaliyoachwa na nafasi tupu: huyu amemwalika yule, andika alichojibu. Nafasi yenyewe ni mstari mmoja au miwili. Urefu wa mstari ndio umekuwa kipimo cha adabu.

Mwanafunzi hodari hujua la kufanya. Anaandika shukrani, anaandika majuto, anaandika sababu, anapata alama zake. Ninao wanafunzi wanaopata alama zote za sehemu hiyo bila kuwahi kumkatalia mtu yeyote kwa Kiingereza, na ninao wengine wanaoweza kumtuliza mwenyeji aliyekasirika kwa lugha tatu, lakini kwenye mstari mmoja hawatoshei. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kuandika, mahali pa jibu, swali: ni nani wengine wataenda? Kwa mwongozo wa kusahihisha hilo si jibu. Kwa mtu yeyote aliyewahi kualikwa, ndilo jibu la kwanza lenye akili, kwa sababu kabla ya kukubali au kukataa msichana wa umri wake anapaswa kujua atakuwa na kina nani. Yeye alidhani ameingizwa katika mazungumzo, kumbe alikuwa amepewa pengo la kujaza.

Tofauti kati ya kukataa kwa mdomo na kukataa kwa kalamu imeshachunguzwa. Leslie Beebe na Martha Clark Cummings waliichunguza New York, kwa walimu wa Kiingereza walioombwa wajitolee kusaidia katika mkutano wa chama chao. Wengine waliulizwa kwa simu, wengine waliandika wangejibu nini. Walioandika walitoa kiini cha jibu: pole, siwezi, sababu hii. Waliojibu kwa simu walisema mengi zaidi sana. Walirudia, walijieleza, walibembeleza, walisikiliza aliyeomba anasemaje kisha wakaongeza neno. Hawa ni walimu, wazungumzaji wazawa wa Kiingereza, watu wazima. Ikiwa kalamu inawapunguza wao kiasi hicho, inampunguzaje mtoto wa Elburgon, hapa jirani, anayekitumia Kiingereza kama lugha ya tatu?

Nchi hii inajua njia nyingine. Mtahiniwa wa KCSE wa Kifaransa ana karatasi ya tatu ambayo ni ya mdomo. Anaketi mbele ya mtahini, anasalimiwa, anaulizwa, anajibu, na akikwama anasaidiwa kuendelea. Wa Kijerumani vivyo hivyo. Kwa hiyo mtoto wa Kenya husikilizwa katika lugha ambayo pengine hataizungumza tena baada ya Novemba, na hasikilizwi katika lugha rasmi ya nchi yake ambayo ataombea kazi, atashtakiwa na kuolewa kwayo. Sijawahi kupata maelezo ya hilo yanayoniridhisha. Huambiwa watahiniwa ni wengi mno, na kweli wamepita laki tisa kwa mwaka. Wingi huo unaeleza ugumu wa kuwasikiliza. Hauhalalishi kuita maandishi mazungumzo, wala kumwita kijana dhaifu wa kuzungumza kwa ushahidi wa mstari alioujaza.

Kuna jambo zito zaidi, na ndilo lililonifanya niandike.

Barabara za kutoka mjini kwenda vijijini ni ndefu, na wasichana wa shule za kutwa huzitembea jioni. Bodaboda inasimama. Kijana anasema panda nikufikishe, au Jumapili nitakununulia chipsi, au njoo nikuonyeshe ninapoishi. Msichana anasema: asante, wenzangu wako nyuma. Au anasema: mama ananingoja. Au anacheka kidogo na kuongeza mwendo. Amekataa. Kila mtu katika bonde hili, wa kabila lolote, anajua amekataa. Yule kijana wa pikipiki pia anajua, kwa kuwa yeye mwenyewe akialikwa kwenye harambee asiyoitaka hukataa kwa namna hiyohiyo, na angeshangaa mwalikaji asipomwelewa.

Lakini msichana huyo akidhurika, swali la kwanza analoulizwa, na mara nyingine linaulizwa shuleni na watu wazima wenye nia njema, ni hili: ulimwambia hapana? Ulimwambia waziwazi? Hapo somo letu la Kiingereza linakutana na lile la stadi za maisha, na yote mawili yanasema kitu kimoja: asiyetamka hapana hajakataa. Mwaka 1999 Celia Kitzinger na Hannah Frith, watafiti wa Uingereza, waliipinga imani hiyo kwa ushahidi. Waliwasikiliza wasichana wakieleza jinsi ilivyo vigumu kutamka hapana tupu, wakaweka maelezo hayo kando ya kile ambacho wachunguzi wa mazungumzo walishakijua juu ya kukataa kwa kawaida: kusita, kushukuru, kutoa udhuru. Hitimisho lao lilikuwa wazi. Kukataa kwa upole kunaeleweka na wote, wanaume wakiwemo. Mwanamume anayedai hakuelewa kwa kuwa hakusikia neno hapana anadai kutojua jambo analolijua kila siku ya maisha yake. Kumwambia msichana tatizo ni maneno yake ni kumpa mwanamume huyo udhuru.

Kwa hiyo nikisikia hotuba ya kwamba vijana wetu wafundishwe kunyoosha hapana, nawafikiria wasichana wa barabara ya Mariashoni na ya Turi, na nakataa kuwa sehemu ya fundisho hilo. Msichana awe na hapana yake kali. Nitamfundisha, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na nitamfundisha kupiga kelele pia, kwa maana kuna saa ya hilo. Lakini sitamwambia kwamba asante yake ya kwanza haikuhesabika. Na mvulana aliyeketi nyuma yake nitamfundisha kusikia. Hakuna swali hata moja nililokutana nalo katika karatasi ile linalomuuliza mtahiniwa: huyu aliyejibu hivi, amekubali au amekataa, na wewe uliyemwalika utafanya nini sasa? Tumekuwa tukifundisha nusu ya somo, nusu ya anayejibu, na nusu ya anayealika tukaiacha kana kwamba mwalikaji hana wajibu.

Wapo watakaonijibu kwamba ninawafungia vijana Molo. Watasema dunia ni kubwa. Wauguzi wetu wanakwenda Uingereza chini ya mkataba uliotiwa saini 2021, wengine wanakwenda Ghuba, wengine wanafanya kazi kwa simu na kompyuta na watu wasiojua mursik ni nini. Huko hakuna atakayesoma dalili zao. Hiyo ni hoja ya kweli na siichezei. Jenny Thomas aliandika mwaka 1983 kwamba mgeni akikosea sarufi huonekana hajui lugha vizuri, lakini akikosea jambo la namna hii huonekana ni mtu mbaya: mjeuri, au mnafiki. Muuguzi wa Nakuru atakayesema atajaribu, naye mwenzake wa Leeds akaweka kiti kwa ajili yake, atahukumiwa kwa tabia, si kwa Kiingereza. Ni lazima tumwandae.

Lakini tazama kinachohitajika ili aandaliwe. Anahitaji kujua kwamba yeye anafanya kitu fulani akialikwa, akijue kwa jina, ajue kwa nini kinafanya kazi kwao. Kisha asikie jinsi wengine wanavyokifanya: wapi wanakawia, wapi wanaharakisha, mwaliko upi hauna siku. Kisha ajizoeze mdomoni mpaka aweze kuhama kutoka huku kwenda kule. Thomas mwenyewe alionya dhidi ya kumlazimisha mwanafunzi achukue maadili ya wenye lugha. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha zana, uamuzi wa kuzitumia ni wa mwanafunzi. Aliyefundishwa kwamba njia ya mama yake ni kosa hana pa kuhamia kutoka, maana amekwisha kuambiwa hakuwa mahali popote. Nimewaona vijana wa namna hiyo. Wanakuwa na sentensi moja ya kukataa, wanaitumia kwa mwajiri, kwa mchumba na kwa shangazi, na kote inasikika kama barua ya ofisini.

Darasani hili si gumu kulifanya. Wawili wanasimama. Mmoja anaalika kwa Kiingereza jambo ambalo kweli linatokea Molo: ubatizo, mechi ya shule jirani, kazi ya kupalilia karoti Jumamosi pamoja na chakula cha mchana. Mwingine amepewa siri kwamba hawezi kwenda, na amekatazwa kutamka neno hapana. Mwalikaji naye hajui siri hiyo, lazima aitambue. Darasa zima linasikiliza, kisha linasema ni wapi walijua. Mara ya kwanza kuna kucheka na kuchanganya lugha, na Kiswahili kinaingia katikati. Ninakiacha kiingie. Baada ya muda mfupi wanaanza kusikia kusita kwa mwenzao kabla hajafungua mdomo, na Kiingereza chenyewe kinaanza kuwatoka kirefu, kwa sababu sasa kina kazi ya kufanya. Halafu ninawageuza: aliyealika ni mkuu wa kampuni mzee, aliyealikwa ni kibarua, aliyealika ni Mzungu asiyetaja siku, aliyealika ni mvulana, aliyealikwa ni msichana asiyetaka, na mvulana ndiye anayepewa alama, kwa kuacha upesi.

Mtaala mpya wa umilisi umetupa nafasi ambayo mtaala wa zamani wa 8-4-4 haukutupa. Kusikiliza na kuzungumza kumewekwa mbele, na tathmini ya mwalimu shuleni inahesabiwa kwa sehemu katika alama za mtoto. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi 10 wameingia mwaka 2026, na KCSE ya 8-4-4 inakwenda ukingoni na kundi la 2027. Baraza la mitihani litatunga karatasi mpya kwa ajili ya shule za upili, na walimu tutasahihisha kwa mwongozo litakaotupa. Tukikaa kimya, mstari wa pengo utahamishiwa kwenye karatasi mpya kama ulivyo.

Ninayodai ni mambo mawili. Stadi za kuzungumza zitahiniwe kwa kuzungumza, hata kama ni dakika 5 mbele ya mwalimu wa shule jirani, kama inavyofanywa kwa Kifaransa. Gharama ipo. Lakini alama 30 kila mwaka kwa watahiniwa laki tisa tayari zinagharimiwa, na zinapima kitu kingine. La pili, mwongozo wa kusahihisha ukubali jibu la swali, jibu la udhuru bila hapana, na jibu linaloacha mlango wazi, pale ambapo mazungumzo yenyewe yanaonyesha kwamba mwenzake ameelewa. Msichana wa kidato cha tatu aliyeuliza ni nani wengine wataenda apewe alama yake.

Wakaguzi na wageni wa heshima wanaotuambia vijana hawa hawajui kukataa, nawakaribisha waje waketi nyuma ya darasa asubuhi moja wakisikiliza, wala wasiandike chochote. Wakiona vigumu kupata nafasi, watatuambia kwa njia yao, na wanafunzi wataelewa.